Umri wa Aliyezikwa

Mwaka ule nilikuwa na mtoto wa miezi minane mgongoni na hasira nisiyojua niitue wapi. Ilikotoka najua. Ilitoka kwenye karatasi ya serikali aliyoandikiwa mtoto mmoja, na mtoto huyo alikufa kabla baba yangu hajazaliwa. Karatasi hiyo ndiyo iliyotaka kumtoa baba kazini bila pensheni, na mimi kwa mdomo wangu nikaisaidia.

Baba yangu ni mzimamoto. Huku tunasema bombero, neno la Kireno, na hata bibi yangu asiyejua Kireno analijua hilo. Anafanya kazi ndani ya uzio wa mradi wa gesi wa Afungi, chini ya kampuni ndogo iliyochukua zabuni ya kuzima moto tu, siyo wenye gesi wenyewe. Wiki mbili ndani, wiki moja nyumbani Quitunda, kwenye zile nyumba za matofali zinazofanana mpaka mgeni anaingia ya jirani na kuvua viatu kabla hajashtuka. Kwetu tuko wanne: bibi, ambaye ndiye mama mzazi wa baba, baba mwenyewe, mimi, na mwanangu wa kike. Baba wa mwanangu yuko Mtwara anauza vitenge, au anasema anauza vitenge. Mama yangu alifariki tulipokuwa tumekimbia vita. Kwa hiyo anayetulisha ni baba. Akikosa yeye tumekosa sote.

Chama cha wafanyakazi, sindikato, kilikuwa kinaanza mazungumzo na kampuni juu ya umri wa kustaafu. Mwakilishi wa chama alikuwa dereva wa gari la zimamoto, mtu wa Mbau, mnene, sauti yake inafika kabla yake. Alinikuta uani napepeta mchele.

“Dada, wewe si umemaliza la kumi na mbili?”

“Nimemaliza. Kwani umeleta kazi?”

“Nimeleta. Tunataka mtu wa kuandika akta ya vikao, kila kinachosemwa, pande zote mbili ziweke sahihi. Mwenye Kireno cha kuandika na Kiswahili cha kusikia. Wazee wangu Kireno chao kinaishia kwenye salamu, bom dia.”

“Nalipwa nini?”

“Soda.”

“Ya baridi?”

“Huko ndani kila kitu baridi. Mpaka watu.”

Nikaenda, na mtoto mgongoni. Vikao vilikuwa kwenye kontena lililogeuzwa ofisi, halina dirisha, kiyoyozi kinanguruma. Chama kilidai mzimamoto astaafu akiwa na miaka hamsini na tano, siyo sitini. Mwakilishi alieleza vizuri. Mtungi wa hewa mgongoni, koti zito, buti, kofia, na mpira wa maji ukishajaa unakuvuta kama ng'ombe mkaidi. Jaribu hayo kwenye jua la saa saba na umri wa babu. Akasema tukiacha hivi hivi, mtu wetu wa kwanza kufa atafia kwenye mazoezi, siyo kwenye moto. Niliandika neno kwa neno. Niliona ni haki. Mpaka leo naona ni haki.

Nikarudi nyumbani, nikamsomea baba madai yote huku nambembeleza mtoto. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Hamsini na tano ya nani?” akauliza. “Ya mwili au ya kitambulisho?”

“Ya kitambulisho, baba. Kwani kuna nyingine?”

“Basi mimi naondoka Ramadhani.”

Mwaka ule baba yangu alikuwa na miaka arobaini na minane. Kitambulisho kilisema hamsini na nne na ushee.

Hapa nieleze jambo ambalo nyumba nyingi za pwani hii zinalo na hakuna inayolisema. Bibi alizaa mtoto wa kiume kabla ya baba. Nchi ilipopata uhuru walipita watu wa serikali wakiandikisha watoto, na mtoto yule akaandikiwa cheti chake, kijitabu kidogo cha jalada gumu. Akafa kwa surua akiwa na miaka sita. Miezi michache baadaye akazaliwa baba. Wale watu wa serikali hawakurudi, na ofisi ilikuwa mwendo wa siku mbili kwa miguu. Kijitabu kilikuwa kizima, hakina hata doa. Baba akapewa jina la kaka yake, kwetu ni kawaida, na pamoja na jina akapewa kijitabu. Bibi alinieleza siku nyingine, akiwa anachambua mchicha, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya chumvi.

“Ningeliacha lile jina bila mtu, angerudi kulitafuta. Angeingia humu humu.”

“Na umri je, bibi?”

“Umri umefanya nini?”

Umri ulianza kufanya mambo mapema. Baba alipoingia darasa la kwanza, karatasi ilisema ana miaka kumi na mitatu. Mwalimu akamkalisha nyuma na wakubwa, mwaka mzima hakuona ubao.

Mimi niliijua habari hii kwa sababu ya siku ya makaburi. Nilikuwa darasa la tisa. Kijiji chetu cha zamani kiliingia ndani ya eneo la uzio, na sisi tulipohamishiwa Quitunda, maiti wetu nao walihamishwa. Walifanya kwa heshima, sitasema uongo: masheikh walikuwepo, sanda mpya, dua. Ilikuwa saa tatu asubuhi, jua limeshakaza. Ofisa akasimama na orodha anasoma majina ya marehemu, na kila familia ikisikia jina la mtu wake inasogea mbele. Jina, kimya, miguu kwenye mchanga. Jina, kimya, miguu kwenye mchanga. Likasomwa jina la mtoto wa bibi.

“Presente,” akasema baba.

Ni mazoea. Zimamoto huitwa majina kila wanapoingia zamu, na jibu ni hilo, nipo. Mdomo ulijibu wenyewe. Hakucheka mtu. Ofisa aliinua kichwa akamtazama baba, akaitazama karatasi, akaweka tiki.

Ndani ya kaburi walikuta kidogo sana. Udongo mweusi kuliko mwingine, wenye umbo la mtoto aliyelala ubavu, na meno ya utoto, madogo kama punje za mchele. Baba aliyaokota mwenyewe akayaweka kwenye sanda. Mimi nilikuwa karibu. Nilimwona akiyaangalia meno yale huku anapitisha ulimi kwenye ya kwake, taratibu, kama anayahesabu. Tulivyomaliza, familia ikapewa hati ya kuhamisha kaburi: jina la marehemu, jina la mama yake, alama ya kaburi jipya. Jina la marehemu ni jina la baba, herufi kwa herufi. Ndiyo maana humu ndani sitaji jina la mtu yeyote, na anayejua ajue na anyamaze.

Sasa shida yenyewe. Ili mtu apate pensheni huku, makato yake ya hifadhi ya jamii yanatakiwa yatimize miaka. Ya baba yalikuwa pungufu ya mitatu. Siyo kwamba alikaa bure. Ni ile miaka tuliyokimbia, tunalala chini ya maturubai huku kazi zimefungwa. Miaka hiyo haihesabiki popote ila kwenye magoti ya bibi. Baba akitolewa Ramadhani anatoka mikono mitupu, na umri wa kitambulisho ambao hakuna kampuni itakayouajiri tena.

“Nitawatolea hati ya kaburi,” nikamwambia. “Waone nani kazeeka na nani hajazeeka.”

“Usiiguse.”

“Baba, hati si inaonyesha wazi kwamba…”

“Nimesema usiiguse, mama.”

Baba akiniita mama, ujue mazungumzo yamekwisha. Nikanyamaza. Lakini kunyamaza kwangu kila mtu nyumbani anakujua.

Kikao cha pili kilianza nje. Chama kilitaka mtu wa kampuni aone kwa macho yake kazi yenyewe. Huyo mtu wa kampuni alitoka Maputo, ndiye mkubwa wa utumishi, mwembamba, mpole, amejipulizia manukato. Sikumchukia. Hilo nalo lilinikasirisha.

Ilikuwa saa sita kasoro, hakuna kivuli. Kontena la mazoezi lilijazwa moshi. Waliingia wawili, baba na mwenzake kijana, wamefungwa makoti na barakoa mpaka huwezi kusema yupi ni yupi. Ndani kulikuwa na sanamu la mazoezi, zito kama mtu mzima, limevishwa sare ya zamani, na kazi yao ni kulitafuta kwenye giza la moshi na kulitoa. Sisi tulisimama kwenye meza ya redio. Redio ikiwa wazi unasikia mtu anavyopumua ndani ya barakoa: anavuta, vali inalia, anatoa. Nilimtambua baba kwa kikohozi. Nikawa nasikiliza pumzi yake, na chini ya pumzi yake nikasikia nyingine. Ndogo, ya haraka, inakimbizana na ile kubwa.

“Ile ni ya yule kijana?” nikamuuliza mwakilishi.

“Redio ya kijana imezimwa. Chaji.”

“Sasa ile ndogo ni ya nani?”

“Vali hiyo, dada. Imechoka. Zinafanya hivyo.” Alikuwa anatazama mlango wa kontena, hakunitazama mimi.

Wakatoka. Nikaona watu watatu kwenye moshi, wamesimama bega kwa bega. Wa katikati alikuwa sanamu. Walilibeba wima kwa sababu mlango ni mwembamba. Lakini kwa kipindi kile kifupi sikuweza kusema yupi amebebwa.

Mtungi wa baba ulikuwa unapiga filimbi, maana yake hewa imebaki kidogo. Wa kijana ulikuwa bado nusu.

“Mzee huyu kila siku anakula hewa ya watu wawili,” kijana akasema, amevua barakoa, anacheka. “Ukiingia naye ujue unatoka mapema.”

“Mwache,” mwakilishi akasema. “Mwenzako ana familia ndani ya kifua.”

Wakacheka wote. Baba naye akacheka, ameinama, mikono kwenye magoti. Mimi niliandika: zoezi limekamilika.

Daktari wa kampuni alikuwa ameshampima baba mwezi ule, na cheti kilikuwa nyumbani. Nilikisoma mimi, nikakitafsiri. Mapafu ya mtu huyu, daktari aliandika, yanalingana na umri wake. Umri uliotajwa juu ya cheti ni hamsini na nne. Nilimsomea bibi. Hakushangaa.

“Tangu mdogo wanakula sahani moja,” akasema. “Ulidhani mwenzake anabaki njaa?”

Niseme ukweli, siku ile sikuogopa. Nilikasirika. Nilimkasirikia maiti. Nilitaka atoke kwenye kifua cha baba yangu, kwenye kitambulisho chake, kwenye makato yake, arudi kulala. Nikachukua hati ya kaburi kutoka kwenye begi la bibi, nikaikunja ndani ya daftari la akta.

Kikao cha tatu, mhudumu alileta soda akapanga mezani. Upande wa chama tulikuwa mwakilishi, baba, wazee wawili, na mimi. Upande wa kampuni yule bwana peke yake. Watu sita. Mhudumu aliweka soda saba. Ya saba aliiweka karibu na baba, mbele ya kiti kisicho na mtu.

“Umezidisha,” mwakilishi akamwambia.

Mhudumu alikitazama kile kiti. “Nilihesabu vichwa, senhor.” Halafu akaona mtoto mgongoni kwangu, akatabasamu, akatoka. Wote tukakubaliana bila kusema kwamba alimhesabu mtoto. Mwanangu hana hata meno ya kutosha, soda ataifanyia nini. Haikufunguliwa. Ilikaa pale inatoka jasho, maji yanatiririka mezani yakielekea kwenye mkono wa baba.

Mazungumzo yalienda haraka kuliko tulivyodhani. Bwana wa kampuni alisema wanakubali hamsini na tano. Wazee wakashika vichwa kwa furaha. Mwakilishi alianza kufungua karatasi zake, akasema kuna vifungu vidogo vya kumalizia, na hapo mimi nikaweka kalamu chini. Mwandishi wa akta haruhusiwi kusema. Nilijua. Nilikuwa nimeona mikono ya baba, imelala mezani kama glavu zilizovuliwa.

Nikasema kwa Kireno, wote wanasikia, kwamba baba yangu hana miaka hamsini na tano, ana arobaini na minane, na ushahidi ni huu hapa. Nikakunjua hati. Nikaisoma. Jina, mama, kaburi.

Yule bwana aliichukua kwa vidole viwili. Akafungua faili la baba, akaziweka karatasi mbili sambamba. Kiyoyozi kikazima chenyewe, kama vinavyofanya vikishafikia ubaridi uliowekwa.

“Huyu aliyeandikwa hapa,” akasema polepole ili nitafsiri vizuri, “amezaliwa na mama huyu, kijiji hiki, jina hili. Na amezikwa.”

“Ndiyo.”

“Basi anayekatwa hifadhi ya jamii miaka yote hii ni nani?”

Sikutafsiri. Haikuhitajika. Wazee wale Kireno cha kuulizwa wewe ni nani wanakijua vizuri, walikisikia kwenye vizuizi vyote vya barabarani tulipokuwa tunakimbia. Baba alikuwa anaangalia soda.

Bwana akafunga faili, hakulipiga, alilifunga tu. Akasema hamlaumu mtu. Akasema yeye hawezi kuwa na karatasi mbili zinazogongana mezani. Kama mwenye jina amekufa, makato ni ya marehemu, na baba aanze upya kwa jina jingine, kutoka sifuri. Kama hakufa, basi ni hamsini na tano. Tuchague, tumletee maandishi baada ya siku tatu.

Mwakilishi alinisubiri nje, kwenye jua. Sijamsikia akiongea kwa sauti ndogo ila siku ile.

“Dada. Nilikuwa na kifungu.”

“Kifungu gani?”

“Ukurasa wa tatu. Anayefikisha hamsini na tano na makato hayajatimia, abaki kituoni kwa kazi nyepesi. Kukaa na redio, kujaza mitungi, kufundisha vijana. Mpaka yatimie. Nilishayazungumza na yule bwana pembeni, alishakubali. Kilikuwa kinafuata.”

“Kwa nini hukuniambia?”

“Kwa sababu wewe unaandika kila kitu, na haya yalikuwa ya pembeni. Na baba yako alijua.”

Baba alijua. Alikataa kuniambia kwa sababu ananijua mdomo wangu, akidhani nikiambiwa acha nitaacha. Tulirudi nyumbani kwa miguu tumepeana hatua ishirini. Nilitaka anipige. Hakugeuka hata kuangalia kama mtoto amefunikwa kichwa.

Njia ilikuwa moja. Majina huku yanafanana, kila kijiji kina watu watano wa jina moja, hilo hata mtu wa Maputo analiamini. Anayeweza kusema kwamba mtoto yule wa kaburini ni wa mtu mwingine, kwamba hati ya kuhamisha iliandikwa mama asiye wake, ni mama mwenyewe. Bibi. Na afanye hivyo mezani, kwa dole gumba.

Baba hakumwomba. Siku mbili alikaa kizingitini anatengeneza kiti ambacho hakikuvunjika. Nikaenda mimi, maana ndimi niliyeharibu.

“Mke mwenzangu,” bibi akaniambia, ndivyo ananitania tangu nizaliwe, “uso huo unauza nini?”

Nikamwambia. Aliendelea kutwanga. Nilimwambia tena, nikamwambia kuhusu mwanangu atakula nini, mpaka nikasikia aibu kwa kumtumia mtoto. Akaweka mchi pembeni.

“Wewe umezaa mmoja,” akasema. “Kesho mtu akuulize umezaa wangapi, useme hujazaa. Nataka nikusikie unavyosema. Sema.”

Nilifungua mdomo. Sikuweza, na ilikuwa maneno tu, uani, kuku wanatazama.

“Umeona,” akasema. Akachukua mchi.

Lakini siku ya tatu aliamka, akaoga, akavaa kanga mpya ambayo haijaguswa maji, akaniuliza gari linakuja saa ngapi.

Kwenye kontena alitetemeka. Kijana mwenzake baba alivua koti la kazi akamfunika, likamfika miguuni. Mwakilishi akampa shikamoo, akaipokea. Bwana wa kampuni akasimama, akainamisha kichwa. Halafu akauliza, na kwa sababu mimi ndiye mtafsiri, swali lilitoka kinywani mwangu.

“Bibi, anauliza watoto wa kiume umezaa wangapi.”

Bibi alinitazama. Hakumtazama yule bwana hata mara moja. Baba alikuwa amesimama ukutani, na nikaona anashikilia pumzi, kifua hakiendi.

“Mwambie mmoja,” bibi akasema. “Yule pale.”

“Anauliza, na mtoto wa kwenye hati?”

“Simjui.”

“Anauliza una hakika.”

“Nimesema simjui. Hajawahi kuwa wangu. Aliyeandika jina langu alikosea.” Akanyoosha dole gumba kabla wino haujaletwa. Likabaki hewani, peke yake, mpaka yule bwana akakimbilia kidau cha wino.

Baba akatoa pumzi. Ilitoka nyingi, ndefu, akakohoa mpaka kijana akamshika mkono. Akta nikaiandika mimi: Anatangaza kwamba hakumzaa wala hakumzika. Kifungu cha ukurasa wa tatu kikasainiwa asubuhi ile ile. Mwakilishi alifurahi, wazee wakapeana mikono, na walikuwa na haki ya kufurahi. Kwa watu wengi ule mkataba ni mzuri. Baba alikabidhi mtungi na barakoa, akapewa kiti cha redio. Miaka mitatu anakaa pale, anasikiliza wenzake wanavyopumua ndani ya moshi, makato yanaendelea.

Siku ya pili baada ya kusaini, bibi aliniita ndani. Ilikuwa saa tano, mlango wazi, mwanga umejaa sakafuni. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, kidole bado kina wino. Alikuwa amekifuta kwa majivu, kwa ndimu, hautoki.

“Ile uliyoandika, unayo?”

“Ninayo nakala.”

“Nisomee kwa Kiswahili.”

Nikamsomea. Hakumzaa wala hakumzika. Akaniambia nirudie, nikarudia.

“Sasa yuko wapi?” akauliza.

Alikuwa anauliza kweli, kama mtu anavyouliza mahali alipoacha ufunguo. Alikuwa na jina, likachukuliwa na baba. Alikuwa na kaburi, na sasa lile kaburi ni la mtoto wa mtu mwingine. Nikaikunja nakala, nikairudisha ndani ya daftari.

“Chukua kalamu,” bibi akasema. “Andika nyingine.”

“Bibi, ikionekana karatasi kama hiyo, baba amekwisha.”

“Sijakuuliza ikionekana. Andika.”

Nikaandika, kwa Kiswahili, kwenye karatasi iliyochanwa katikati ya daftari la akta. Maisha yangu yote sijamsikia akimtaja mtoto yule zaidi ya maneno matatu, na siku ile alisema mpaka mkono ukaniuma. Kwamba alizaliwa miguu mbele. Kwamba alikula kwa mkono wa kushoto na akapigwa kwa hilo, na bado akala kwa kushoto. Kwamba aliogopa mbuzi. Kwamba surua ilimshika siku ya Jumatatu, akaomba maji ya nazi, na nazi ilikuwepo na hakupewa kwa sababu watu walisema itamzidishia. Kwamba alijua mama yake ana mimba, alikuwa anaweka sikio tumboni na kuongea na aliyemo, na alichomwambia hakukisema kwa mtu. Nilivyofika hapo nikasita. Baba yangu ndiye aliyekuwa ndani. Bibi akaniashiria niendelee, na mwisho nikaandika kwamba mezani alimkana, na kwa nini.

Akaweka dole gumba chini, wino ule ule usiotoka. Halafu akasema, “Isome kwa sauti.”

“Wewe si ndiye uliyesema, bibi. Unakijua kila kilichomo.”

“Siyo mimi. Yeye. Asikie kwamba nilimkana kwa sababu ya watu wa ndani ya uzio.”

Mwanangu alikuwa amelala. Nje mwanamke wa jirani alikuwa anaanika nguo, anaimba kidogo. Nikasoma, macho nimeyakaza kwenye karatasi, sikutaka kuangalia upande wa pili wa mkeka ambako bibi alikuwa anaangalia. Nilisoma kwa hasira, haraka, nataka iishe.

“Taratibu,” bibi akasema. “Rudia pale pa nazi. Hakupasikia.”

Nikarudia.